Kununua vyombo vya kupikia kule India: tuangalie nini mbele ya kulipa



Familia nyingi ziko na mtoto anayesoma India, ao ndugu aliyesindikiza mgonjwa kule kwa matunzo. Huyo mtu anapaswa kupika kila siku, na mara nyingi pesa anayotumia imetoka ku maharagi na kahawa yetu. Akinunua sufuria mbaya, atanunua tena kiisha miezi michache, na ni sisi tutalipa mara mbili. Basi tuone namna gani ya kuchagua. Mutume maneno haya kwa wale walioko kule.

1. Aulize kwanza: moto gani?

Nyumba nyingi za India zinapika na gesi ya chupa. Lakini vyumba vya wanafunzi viko mara nyingi na plaki ya umeme ya induksioni. Plaki hiyo inatumia nguvu ya sumaku kupasha chini ya sufuria yenyewe. Kwa hiyo sumaku inapaswa kushika chini ya chombo, na chini iwe sawa, bila kubonyea. Sufuria ya aluminiamu tupu haitapata moto hata kidogo. Asipouliza hii, anaweza kupoteza pesa siku ya kwanza.

2. Sufuria za inoksi

Ku masoko mengi ya India, vyombo vya inoksi vinauzwa kwa kilo. Kile kizito kinagharimu zaidi, lakini kinadumu. Atafute namba iliyopigwa chini. Namba 304 ni inoksi nzuri: iko na kromu karibu 18 kwa mia na nikeli karibu 8 kwa mia, haishiki kutu mbio. Namba 202 ni ya bei ya chini, nikeli imepunguzwa na manganizi imewekwa pahali pake. Chumvi na ndimu vinaiharibu mapema.

Wauzaji wengine wanaonyesha sumaku: «Angalia, haishiki, ni nzuri!» Tuwe macho. Ni kweli 304 haivutwi sana na sumaku, lakini 202 pia haivutwi. Sumaku peke yake haitoshi kuonyesha inoksi ni ya namna gani.

Tena, inoksi nyembamba haisambazi moto vizuri, wali unaungua katikati. Achague ile yenye chini nene, yenye aluminiamu iliyofungwa katikati ya inoksi mbili.

3. Sufuria ya presha

Hapa hatuchezi, juu chombo kibaya kinaweza kulipuka. Sheria ya India ya 2020 inaomba sufuria za presha za nyumbani ziwe na alama ya ISI. Juu ya alama hiyo kunaandikwa IS 2347, na chini namba ya ruhusa inayoanza na CM/L. Namba hiyo inaweza kuhakikishwa ku simu, katika programu BIS Care. Kama alama haiko, aache hiyo sufuria, hata bei iwe tamu namna gani.

Juu gani tunaisifu sufuria hii? Maji yanachemka kwa digri 100 kando ya bahari, lakini kila metre 300 tunazopanda, inapunguka karibu digri moja. Goma, kwa metre 1500 hivi, yanachemka karibu digri 95. Ndiyo maana maharagi inakawia na makala inaisha. Ndani ya presha, joto linaweza kufika karibu digri 120. Mtu akirudi nayo nyumbani, mama atapunguza makala sana.

Lakini anunue palepale mipira ya kifuniko mbili ya akiba na valvu moja ya usalama, za alama ileile na kipimo kilekile. Huku kwetu kuzipata ni kazi. Litre 3 zinatosha watu wawili ao watatu. Kwa familia, litre 5. Maharagi isipite nusu ya sufuria, juu povu inaweza kuziba tundu la mvuke.

4. Chuma, shaba na aluminiamu

Tava (kikaango bapa) na kadhai (karai ya kukaangia) za chuma kizito ziko bei nzuri na zinadumu sana. Zinapakwa mafuta na kupashwa moto mbele ya kutumia, na zinakaushwa vizuri kiisha kuoshwa. Nyanya zisilale ndani.

Vyombo vya shaba vinapendeza. Muji wa Moradabad unajulikana sana kwa shaba ya njano, na Pune iko na mtaa wa wafua shaba, Tambat Ali. Lakini ndani inapaswa kuwa na bati nyeupe, wanaita kalai. Bati ikiisha, chakula kikali kinakula shaba na tumbo linaumia. Inapaswa kupakwa tena.

Aluminiamu nyembamba isiyo na alama ya kiwanda, hapana. Ile inayoyeyushwa kutoka vyuma vya zamani inaweza kuwa na risasi, na risasi inaharibu akili ya watoto. Hata huku kwetu tuangalie hii.

5. Siku ya kununua

Ku katoni kuna herufi MRP: ni bei ya juu kabisa, kodi ndani. Muuzaji hana ruhusa ya kuipita, lakini mnunuzi anaweza kuomba apunguziwe. Siku ya Dhanteras, mbele kidogo ya sikukuu ya Diwali, watu wengi wananunua vyombo vya chuma. Maduka yanajaa na mara nyingi yanapunguza bei. Aombe fakture na karatasi ya garanti, azichunge.

Kama pesa ni kidogo, anunue presha moja yenye alama, na sufuria moja nzito ya inoksi. Vyombo viwili vizuri vinapita sita vya kutupa.