Mfalme wa Sebuleni: Je, Wajua Mwanao Anatawala Vipi?

HUENDA unaishi na mfalme nyumbani mwako bila kujua. Hatumsemi baba watoto. Twamsema yule kijana wa sekondari au wa chuo ambaye ukimwita aje mezani hujibu "naja, mama", kisha asije hadi ugali upoe. Mbele yake pana kompyuta au simu, na humo ndani ana miji, mashamba, migodi, majeshi, pengine hata majoka, pamoja na jirani mwenye tamaa anayetaka kumpokonya vyote. Ukimzimia mtambo saa hiyo, umeipindua serikali yake.

Mjini Thika, mathalani mtaani Makongeni, na kule Ruiru, vibanda vya gemu si vitu vigeni. Wengi humo hucheza kandanda ya kwenye skrini, kwa kuwa mechi huisha upesi na anayefuata akaketi. Lakini wako wengine, hasa katika miji hii yenye vyuo kama Mount Kenya cha Thika na Zetech cha Ruiru, wanaopendelea michezo ya mikakati, yaani ile ya kujenga dola na kuipigania. Huichezea chumbani kimya kimya, na ndiyo maana mzazi haijui vyema.

Hebu leo tuwasikilize wachezaji hao. Wana mengi ya kusema kuhusu michezo yao, na baadhi yake yatakufaa hata wewe ambaye hujawahi kushika kipanya cha kompyuta.

GHALA KWANZA, MKUKI BAADAYE

Chukua mfano wa Age of Empires II, mchezo uliotoka mwaka 1999 na ambao hadi leo una wapenzi wengi. Kwa kawaida unaanza na wanakijiji watatu na mpelelezi mmoja aliyepanda farasi. Kila mwanakijiji unayemwongeza anakugharimu chakula 50, na kila nyumba unayojenga inatosha watu watano tu. Askari wa kwanza anadai chakula na dhahabu pia. Basi kila mara yakupasa kuchagua: uongeze mikono ya kulima au mikono ya kupigana?

Mgeni wa mchezo huu aghalabu hukimbilia upanga. Huteka vijiji viwili vitatu, akajiona simba, kisha ghala likakauka na mwenzake aliyekuwa akilima kimya kimya akamjia na jeshi mara tatu ya lake. Lakini mkulima naye asicheke mapema. Asiyeweka mlinzi hata mmoja huvamiwa angali anahesabu magunia. Wachezaji wazoefu watakwambia kwamba anayeshinda ni yule ajuaye wakati wa kuacha jembe na wakati wa kulirudia.

MALALAMIKO YAO

Usidhani vijana hawa husifu kila kitu. Nung'uniko lao la kwanza ni kuhusu namna vita vinavyopiganwa. Katika Civilization IV ya mwaka 2005, mtu aliweza kurundika jeshi zima mahali pamoja, akalisukuma kama tingatinga. Wengi walilalamika kwamba huo si mkakati, ni uzito tu. Toleo la tano lilipotoka mwaka 2010, likaamuru kikosi kimoja cha vita kwa kila kipande cha ardhi. Wako waliofurahi, kwani sasa mlima na mto vilikuwa na maana. Wengine wakalia kwamba kupitisha jeshi bondeni kumekuwa kama kupita Githurai saa kumi na mbili jioni: kila mmoja amemzibia mwenzake.

La pili ni kuhusu mpinzani anayeendeshwa na kompyuta. Ukichagua ngazi ngumu kabisa katika Civilization VI, wewe huanza na kundi moja la walowezi, naye huanza na matatu. Wachezaji husema hapo kompyuta haikuongezewa akili, imeongezewa mtaji. Ni kama kumshindanisha mtoto na mwenzake aliyetangulizwa nusu ya uwanja.

La tatu huwagusa zaidi wapenzi wa michezo ya njozi, kama Heroes of Might and Magic III ya mwaka 1999 au Total War: Warhammer ya mwaka 2016. Humo mna wachawi, majoka na mazimwi, ndugu zao wale marimu wa hadithi za Kikuyu. Mapigano yake husisimua. Walakini ukishaiteka nusu ya dunia hakuna tena wa kukuzuia, ilhali mchezo unakudai uendelee kuzima vijiji kimoja baada ya kingine. Kushinda kukawa kazi ya kuchosha. Kuteka, wanasema, kulikuwa kutamu kuliko kutawala.

Je, kuna anayewasikiliza? Ndiyo. Mnamo Desemba 2023, kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza, iliyotengeneza michezo ya Total War, iliwaomba radhi wateja baada ya manung'uniko kuhusu bei na kiasi cha bidhaa. Ikapunguza bei ya Total War: Pharaoh, na walioununua mapema wakarudishiwa sehemu ya pesa. Kumbe mteja akisema kwa hoja husikika.

MCHEZO USIO NA ITUIKA

Katika Civilization VII, iliyotoka mwaka 2025, kuna jambo lililozua mabishano makali. Mchezo umegawanywa katika enzi tatu. Ulipotoka, kila enzi ilipoisha, kiongozi wako alibaki yule yule, bali taifa lako lilibadilika kuwa taifa jingine. Wachezaji wengi walikasirika. Waliuliza: nimejenga watu wangu tangu kale, mbona wananyang'anywa?

Msomaji wa Thika na Ruiru ana jibu ambalo watengenezaji hao hawakulifikiria. Wakikuyu wa zamani katika miinuko hii ya Kiambu na Murang'a hawakuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, yaani kiama, na baada ya miaka mingi rika tawala lilikabidhi madaraka kwa rika jingine, kati ya Maina na Mwangi, kwa sherehe iliyoitwa ituika. Watu walibaki, watawala wakabadilika. Gemu imegeuza mambo kichwa chini, miguu juu. Muulize mwanao afikiri angecheza vipi kama angelazimika kuachia kiti kila rika lipitapo.

Hii haina maana kwamba sisi hatumo kabisa. Katika toleo hilo la saba Buganda ni dola kamili ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuiongoza. Katika la sita, la mwaka 2016, Zanzibar ni mji huru wenye mdalasini na karafuu zinazogombewa na wakubwa. Na wimbo wa kufungulia Civilization IV, "Baba Yetu", wa mtunzi Mmarekani Christopher Tin, huimbwa kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kabisa kutoka katika michezo ya kompyuta.

SOMO LIKO NJE YA DIRISHA

Wachezaji wanajua kwamba mji usio na chakula, makao na starehe huacha kukua, na wakazi wake hununa. Sasa tazama nje. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya mwaka 2019 ikahesabu 490,120. Mji umejaa maradufu katika miaka kumi, na Barabara Kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012 imeuvutia watu zaidi. Kijana anayejua kwamba maji hutangulia ghorofa kwenye skrini yake anaweza pia kuuliza maswali mazuri kuhusu mtaa wake.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, jua ni mchezo wa aina gani. Mingi ya ile ya zamu huweza kuhifadhiwa na kuendelezwa kesho. Mechi ya mtandaoni haisimami, kwani wenzake wanangoja. Mpe dakika kumi amalize, lakini dakika kumi ziwe kumi. "Zamu moja tu" ndiyo iliyowakesha wengi hadi alfajiri.

Pili, linda mfuko wako. Michezo ya simu kama Clash of Clans, iliyotoka Ufini mwaka 2012, hupakuliwa bure. Lakini kukuza jengo moja huweza kuchukua saa au siku nyingi, na anayetaka kuharakisha hununua vito kwa pesa halisi. Weka nambari ya siri ya malipo, usimwachie.

Tatu, chunguza dalili. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2019. Dalili ni mtu kushindwa kujizuia, kutanguliza mchezo mbele ya masomo, chakula na watu wake, na kuendelea hata akiona unamdhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Anayecheza Jumamosi na kufanya kazi zake za shule hajafika huko.

Mwisho, keti naye nusu saa umwulize: Ghala lako lina nini? Kwa nini unapigana na huyu jirani? Ukishamshinda, watu wake utawafanya nini? Mtoto anayeweza kujibu maswali hayo anafikiri. Asiyeweza, ndipo mazungumzo yenu yaanze. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na huwezi kumkunja ukiwa umesimama mlangoni na mkono kwenye swichi.