Dakika tatu za historia ni shilingi ngapi?

Tuchukue darasa moja la Kidato cha Pili katika shule ya kutwa ya serikali Mikocheni: wanafunzi 45, makundi tisa ya watano watano. Kila kundi litengeneze hadithi ya kidijitali, yaani filamu ya dakika tatu yenye picha na sauti ya mwanafunzi, kuhusu mzee wa mtaani anayekumbuka Uhuru wa 1961. Darasa ni la mfano. Makisio nitayataja, na asiyeridhika nayo aweke tarakimu za shule yake.

Kwanza fedha zilizopo. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwaka. Nusu ilibaki juu kwa ajili ya vitabu, nusu ikapangwa kufika shuleni. Kwa darasa letu, 12,500 mara 45 ni 562,500. Zikigawanywa sawasawa kwa masomo tisa, Historia inapata 62,500 kwa mwaka mzima, ikiwa chaki, karatasi za mitihani na vitasa vilivyovunjika havidai kitu. Vinadai.

Simu tisa za bei ya chini, tuseme 250,000 kila moja, ni 2,250,000, sawa na ruzuku ya darasa hilo ya miaka minne. Kwa mwanafunzi ni 50,000. Anayeupigia debe mradi atagawanya kwa namna nyingine: simu zidumu miaka mitatu, zitumiwe na madarasa sita kila mwaka, na gharama itashuka hadi 2,778. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ila ya pili inakisia kwamba hakuna kioo kitakachopasuka, hakuna simu itakayoibwa, na hakuna itakayofungiwa kabatini ofisini mpaka siku ya wageni.

Kuna vishikwambi vya Sensa ya 2022, ambavyo Serikali iliwagawia walimu. Kwenye bajeti ya mradi vitaandikwa sifuri. Lakini mwalimu ana kimoja, na kundi moja likirekodi, manane yanasubiri.

Umeme hausumbui. Kuchaji simu moja ni takriban uniti 0.025. Kwa shilingi 356 kwa uniti, simu zote tisa ni shilingi 80.

Bando linahitaji uangalifu zaidi. Filamu ya dakika tatu yenye ubora wa kawaida ni takriban MB 112, na filamu tisa ni MB 1,008. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitaja bei elekezi ya kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Kwa bei ya chini kabisa, kuzipandisha zote mtandaoni ni shilingi 2,046, na hiyo ndiyo namba inayoonyeshwa kikaoni. Sasa kila mwanafunzi azitazame zote tisa nyumbani: MB 45,360, yaani shilingi 92,081 kwa bei ya chini na 424,116 kwa bei ya juu. Fungu la Historia limeshapitwa, na anayelipa ni mzazi.

Muda ndio mzito kuliko vyote. Mtindo huu wa hadithi za kidijitali ulianzia San Francisco mwaka 1994, katika kituo ambacho leo kinaitwa StoryCenter, na warsha yake ya kawaida ni ya siku tatu. Kwa saa nane kwa siku ni saa 24, sawa na vipindi 36 vya dakika 40. Somo likiwa na vipindi viwili kwa wiki, ni wiki 18. Mwalimu tukimkisia mshahara wa 800,000 kwa saa 160 za mwezi, saa 24 zake ni shilingi 120,000, karibu mara mbili ya fungu la somo. Mstari huo hauandikwi kwa sababu mshahara unatoka Hazina.

Na kinachopatikana? Dakika tatu hubeba maneno kama 300, au 60 kwa kila mwanakikundi. Insha ya maneno 300 kwa kila mmoja ingetoa 13,500. Filamu tisa zinatoa 2,700. Kwa upande mwingine, insha haimtoi mwanafunzi nje ya geti kumsikiliza mtu. Aliyekuwa na miaka 12 Desemba 1961 alitimiza 76 mwaka 2025, na ushahidi wake hauna akiba ghalani.

Ondoa picha, ubaki na sauti. Dakika tatu za sauti ni takriban MB 1.44. Wanafunzi 45 wakisikiliza rekodi zote tisa ni MB 583, yaani shilingi 1,184 badala ya 92,081. Mzee ni yuleyule, maneno ni yaleyale, na wiki za kuhariri picha zinapungua. Kinachohitajika ni chumba kimya, siku isiyo na mvua juu ya bati.

Mjumbe wa bodi ya shule akiletewa bajeti ya mradi wa namna hii, aulize mistari miwili kabla ya kusaini: saa za mwalimu ziko wapi, na bando la mzazi liko wapi?