Dola 100 zile zile, bukari ghali zaidi

Mwanzoni mwa 2025, dola 100 zilizotumwa Kolwezi, Kongo, kutoka Johannesburg zilikuwa karibu faranga 285,000 mezani kwa kambiste, yaani mbadilisha fedha. Kisha Benki Kuu ya Kongo ikauza dola sokoni na kuvuta faranga, na kufikia Oktoba dola moja ilicheza kati ya faranga 2,200 na 2,400. Tuchukue 2,300. Dola 100 zikawa faranga 230,000. Zilipungua 55,000, na mtumaji hakupunguza hata senti.

Kwa mwalimu anayelipwa faranga, hiyo ilikuwa habari njema. Kwa familia inayosubiri simu ya ndugu wa ng'ambo, hesabu ilikuwa nyingine. Kolwezi, mji unaoishi kwa shaba na kobalti ya mashimo kama Mashamba, kodi ya nyumba na ada za shule nyingi za binafsi hutajwa kwa dola. Tuseme dola 60 kati ya 100 zinaishia huko. Hizo hazikuguswa. Zilizopigwa ni 40 za sokoni: zilikuwa faranga 114,000, zikabaki 92,000. Pengo halisi lilikuwa 22,000, yaani dola 9 na nusu hivi.

Lakini faranga ikipanda, si vitu vishuke bei? Tazama unga wa mahindi wa kupikia bukari, ambao mwingi hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mfuko ukiuzwa kwacha 280 kule, mwanzoni mwa mwaka ulikuwa dola 10, maana dola ilikuwa kwacha 28 hivi. Ila kwacha nayo ilipanda, na kufikia Oktoba dola ilikuwa karibu kwacha 23. Mfuko ule ule ukawa dola 12 na kidogo. Kwa faranga, kabla ya usafiri na ushuru: mwanzoni mwa mwaka 28,500, Oktoba 28,000. Muuza unga hakudanganya aliposema bei haishuki. Aliyeumia ni mwenye dola.

Mtumaji wa Afrika Kusini alipata nafuu kiasi, kwa kuwa hata randi iliimarika, kutoka 19 hivi kwa dola hadi 17.3. Randi 1,900 zilizokuwa dola 100 zikawa karibu 110, yaani faranga 252,600, kabla ya ada ya kutuma. Na ada hiyo si ya kupuuza: Afrika Kusini ni kati ya nchi za G20 zilizo ghali zaidi kwa kutuma fedha. Aliyeko Marekani hakupata nafuu hiyo ya randi.

Basi kabla ya kutuma, uliza nyumbani: mwezi huu kitalipwa nini kwa dola? Kiasi hicho kisifike kwa kambiste kabisa. Noti zipokelewe safi, maana dola iliyochanika kidogo tu hukataliwa, na zipelekwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Ukizigeuza faranga leo, kisha ukanunua dola tena siku ya kodi, kambiste amekula mara mbili.