Moyo mumoja, SMS mbili

Baba yuko kwenye chimbo kule Misisi. Intaneti imepotea, basi anamwandikia mama watoto hapa Baraka SMS: "Feza ya masomo nimetuma. Mutoto apelekwe hospitali leo. Kesho jioni nitapiga simu." Mwisho anaongeza kapicha ka moyo. Anatuma, halafu anashangaa: yunite zimekatwa kama za SMS mbili.

Wengi wetu tunasema haraka: wametuibia! Lakini mara mingi sababu iko ndani ya ile SMS yenyewe.

Telefone haijue herufi, inajua namba tu. Kila herufi iko na namba yake kwenye orodha. SMS inatumia kwanza orodha fupi, ambapo kila herufi inachukua biti 7. SMS moja inabeba biti 1120, maana yake herufi 160. Ile ya baba iko na 82, pamoja na nafasi na vituo. Ingeenda kwa bei ya moja.

Kapicha ka moyo hakamo kwenye orodha fupi. Basi telefone inahamia kwenye orodha kubwa, Unicode, iliyotoka 1991 ili maandishi ya dunia yote yapate pa kukaa. Kule kila herufi ya SMS inachukua biti 16, hata zile za kawaida. Ni kama mufuko wa mawe: mufuko ni ule ule, lakini mawe yakiwa makubwa, yanaingia machache. Zinabaki herufi 70 tu. Ya baba inapita hapo, inakatwa vipande viwili.

Kifaransa nacho kinatutega. é, è na à zimo kwenye orodha fupi. Ê, ô, ï na ç ndogo hazimo. "École" inapita bila shida, lakini "hôpital" na "reçu" zinaweza kufanya kama ule moyo.

Basi SMS ikiwa ndefu, tuandike "hopital" na "recu", na moyo tuutume peke yake siku yunite ziko. Wenye kutengeneza programu za kutumia kooperative SMS nyingi, waifundishe programu ihesabu kabla ya kutuma.

Ila kwenye karte na kwenye orodha ya wachimbaji, mama Françoise abaki na ç yake. Pale hakuna yunite ya kuchunga, kuko jina la mutu.