Themostati Haichemshi Gari

“Fundi, nitoe themostati?” Naulizwa hapa Kaengesa, naulizwa Sumbawanga mjini, na wenye malori ya mahindi wa Laela wananiuliza hivyo hivyo. Miaka yote nimejibu kwa neno moja, usitoe, na mazungumzo yakaishia hapo. Sasa swali linakuja na ushahidi. Vijana wanaopenda magari ya kale wananionyesha kwenye simu zao picha za Buick, Packard na Duesenberg za kabla ya Vita Kuu ya Pili, boneti ndefu, chini yake injini ya silinda nane zilizopangwa mstari mmoja. Halafu wananiambia: “Unaona, mzee? Hawa hawakuwa na themostati, na magari yao yanatembea mpaka leo.”

Si kweli. Na kwa kuwa uongo huu sasa unavishwa heshima ya injini ninazozipenda kuliko zote, nitaujibu kwa urefu.

Kwanza haki ya injini zenyewe. Silinda nane kwa mstari maana yake kila robo mzunguko wa krenki kuna silinda inayowaka, kwa hiyo injini inavuta bila kutikisika. Packard ilitoa yake mwaka 1923, krenki imeshikwa na beringi kuu tisa. Duesenberg Model J ya mwaka 1928 ilikuwa ya karibu lita 7, na kiwanda kilitangaza nguvu farasi 265, wakati magari ya kawaida yalikuwa hayafiki hata 60. Buick iliacha silinda sita mwaka 1931, ikabaki na nane za mstari mpaka 1953. Kati ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili magari ya Marekani yalipendwa sana Afrika Mashariki, na sababu yake inaeleweka. Uingereza ilitoza kodi ya gari kwa kupima kipenyo cha silinda, hivyo viwanda vyake vikaunda injini nyembamba zilizochoka mapema mlimani. Mmarekani hakubanwa na kodi hiyo. Aliunda injini pana na gari lililoinuka juu ya ardhi, ambalo barabara zetu za vumbi zililihitaji. Kijana anayezipenda injini hizi ana jicho zuri. Kosa lake ni kuzitolea ushahidi wa uongo.

Gari ambalo halikuwa na themostati ni Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15. Karibu yote hayakuwa hata na pampu ya maji. Maji yalipanda yenyewe yakipata moto, yakashuka kwenye rejeta yakipoa. Injini ya silinda nne yenye nguvu farasi 20 inaweza kuishi hivyo. Mtu akishasikia habari ya Model T anaibandika kwa kila gari lenye taa za duara. Lakini Cadillac ya V8 iliyotangazwa mwaka 1914 ilikuwa tayari na themostati. Packard za miaka ya 1930 zilikwenda mbali zaidi: mbele ya rejeta zilikuwa na mabapa yaliyojifunga injini ikiwa baridi na kujifungua ikipata moto, na aliyeyaamuru ni themostati. Watu walioweka beringi tisa kwenye krenki moja hawakuliacha joto la injini lijiendee lenyewe.

Wasingeweza kuliacha, kwa sababu ya urefu. Pampu iko mbele, silinda ya nane iko nyuma kabisa, karibu na miguu ya dereva. Maji yakiachwa yapite yanapotaka, silinda ya kwanza itaogelea na ya nane itaungua. Ndiyo maana injini za Packard, Pontiac na Chrysler za aina ile, zenye vali ubavuni mwa bloku, zina bomba jembamba la chuma au shaba lililolala ndani ya bloku kutoka mbele hadi nyuma, lenye matundu yanayorusha maji kwenye vali za eksozi. Bomba hilo likioza kwa kutu, au matundu yakiziba, nyuma kunachemka huku geji inasoma vizuri. Mwenye gari anachomoa themostati, gari linaendelea kuchemsha, na anatangaza kwamba magari ya kale ndivyo yalivyo. Dawa ni kushusha rejeta, kulivuta bomba na kuweka jipya.

Sasa tuingie kwenye kuchomoa kwenyewe. Themostati si kizuizi cha maji tu. Kwenye injini nyingi inafanya kazi mbili kwa mara moja: ikifungua njia ya kwenda kwenye rejeta, inafunga njia nyingine, baipasi, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Chukua themostati ya Toyota uigeuze. Nyingi zina sahani ya pili kwa chini, yenye springi. Ile sahani ndiyo kifuniko cha baipasi. Kwenye Land Rover za zamani kazi hiyo ilifanywa na themostati yenye sketi ya bati kiunoni, na anayeweka isiyo na sketi kwa kuwa imeingia kwenye nyumba yake amejitafutia kuchemsha. Buick ya silinda nane ina vali ndogo ya springi kwenye nyumba ya themostati kwa ajili ya jambo hilo hilo. Ukichomoa themostati yenye sahani au sketi, baipasi inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto haitaona rejeta kamwe. Kwa hiyo uliyetaka kupoza injini umeinyima rejeta sehemu ya maji yake, na utalijua hilo siku ya mzigo.

Wapo mafundi wanaokataza kutoa themostati kwa sababu isiyo sahihi, nao niwaseme. Wanadai bila themostati maji hupita haraka mno kwenye rejeta, hayapati muda wa kupoa. Hapana. Maji yakizunguka haraka hubeba joto zaidi kwa dakika, hayabebi pungufu. Tatizo ni baipasi, na tatizo la pili ni shinikizo: themostati hubana maji kidogo wakati wa kutoka kwenye injini, na ule mbano husaidia kuzuia mapovu ya mvuke yasijikusanye nyuma ya vali za eksozi. Penye povu la mvuke hapana maji, na pasipo na maji hedi hupasuka.

“Lakini nilipotoa, geji ilishuka.” Ilishuka kwa sababu ulikuwa unatembea barabara ya lami tambarare, asubuhi ya Ufipa, bila mzigo. Hapo hata injini mbovu inapoa. Shuka nalo bondeni Muze, pakia magunia ya mpunga, kisha upande ule ukingo wa Lyambalyamfipa kurudi juu. Kutoka usawa wa Ziwa Rukwa, karibu mita 800, unapanda hadi karibu mita 1,800, gia ya pili, upepo nyuma yako. Rejeta iliyoziba nusu inajulikana pale, na pampu iliyoliwa mapanga pia. Themostati ilikuwa haina hatia tangu mwanzo.

Madhara makubwa zaidi hayapigi kelele. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji. Mengi hutoka kama mvuke kwenye eksozi, machache hupenya kwenye ringi na kushukia kwenye oili. Injini yenye joto lake sahihi huyageuza tena kuwa mvuke na kuyatoa. Injini inayotembea baridi haiwezi, na hapa kwetu mwezi wa Juni na Julai, asubuhi ambayo watu wanakwenda shambani na makoti, injini isiyo na themostati inaweza kutoka Kaengesa mpaka mjini isipate joto kamili. Kabureta ukaivutia choki, petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Gari la kompyuta likidhani injini bado haijaamka, linaongeza mafuta safari nzima. Ringi zinasagika, oili inakuwa nyembamba na chachu, na chini ya kifuniko cha oili kunaota utando wa rangi ya maziwa.

Utando huo ndio unaoniudhi kuliko yote. Mwenye gari anauona, anaupeleka kwa fundi, fundi anasema gasketi ya hedi imekatika. Hedi inafunguliwa, inapelekwa kusagwa, gasketi mpya inanunuliwa, boliti zinakazwa kwa makadirio kwa sababu gereji haina spana ya kipimo. Sasa gasketi inakatika kweli. Nimeona injini nzima za Land Rover zikifa kwa njia hii, na ukiurudisha mnyororo nyuma pingili kwa pingili unafika kwenye themostati iliyotupwa jalalani ikiwa nzima.

Naijua asili ya mazoea haya. Miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980 spea hazikuwepo. Themostati iliyokwama ikiwa imefunga ilikuwa inaua gari, na ya kubadilisha haikupatikana. Fundi aliyeichomoa aliokoa lori la kijiji, na alifanya alichoweza. Kosa ni la sisi tuliorithi dharura tukaigeuza kuwa elimu. Tena katika nchi hii! Wazee wa Kifipa walijenga malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, wakayeyusha chuma kwa hewa iliyojivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, kisha wakakisafisha kwenye tanuru dogo la mivukuto. Hawakuwa na kipimajoto, lakini walijua kwamba moto pungufu unaharibu kazi sawasawa na moto uliozidi. Fundi wa Ufipa anayesema injini ikiwa baridi zaidi ndiyo bora hakurithi hilo.

Kabla ya kuitupa themostati, ipime, na uipime kwa akili ya mahali ulipo. Funga uzi kwa kuubana kwenye mdomo wa vali, itundike ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto kando yake, pasha taratibu. Uzi ukiachia, soma nyuzi. Iliyogongwa muhuri wa 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na 82. Ila maji ya Kaengesa hayafiki 100. Kila mita 300 za mwinuko hushusha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 1, kwa hiyo sufuria yako hapa inachemka karibu na 94, wakati themostati ya 82 hufunguka yote karibu na 95, na ya 88 hutaka zaidi ya hapo. Mtu anaitazama ikiwa haijafunguka yote kwenye maji yanayotokota, anaamua ni mbovu. Ni nzima. Tazama inapoanza, usidai imalize.

Kwa sababu hiyo hiyo mfuniko wa rejeta una kazi kubwa huku juu kuliko Dar es Salaam. Mfuniko wa shinikizo la 0.9 wenye mpira na springi nzima unapandisha kiwango cha kuchemka hapa hadi karibu nyuzi 115. Mfuniko uliochoka, au ule wa mtungi mwingine uliobanwa na kitambaa, unakurudisha kwenye 94. Gari nyingi zinazoletwa kwangu kwa kuchemsha hazina ugonjwa mwingine.

Basi, gari likichemsha, fuata hivi. Lipoe kwanza, usifungue rejeta ya moto. Badilisha mfuniko. Kaza mkanda wa feni, na kama feni ni ya klachi izungushe kwa mkono injini ikiwa moto na imezimwa. Ikizunguka huru imekufa. Binya hozi ya chini, iliyolainika hujinyonya na kuziba. Pitisha kiganja kwenye rejeta, penye ubaridi katikati ya moto pameziba. Tazama kama mapovu yanapanda kwenye rejeta injini ikiunguruma. Yakipanda mfululizo, hapo ndipo uitilie shaka gasketi. Fungua plagi ya bloku ya nyuma na uchokonoe kwa waya, mara nyingi utatoa tope la maji ya mtoni. Weka kulanti, na ukikosa kabisa weka maji ya mvua yaliyochujwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili hayakosekani. Usimwage manjano wala yai kwenye rejeta inayovuja, vinaziba mirija mizima na kuacha tundu. Themostati nunua ya nyuzi zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari lako: nyingi za Toyota na Land Rover ni 82. Wewe uliyebahatika kuwa na injini ya kale yenye rejeta isiyo na mfuniko wa shinikizo, tafuta ya 71, kwa sababu hapa una nyuzi chache tu kabla ya kuchemka.

Na ukipeleka gari linalochemsha kwa fundi, akaanza kazi kwa kufungua nyumba ya themostati kabla hajagusa mfuniko, mkanda wala hozi, chukua funguo zako uende gereji nyingine.