Ruzuku ya gemu na swali inalolipia

Tuseme vijana wanne wa Morogoro wana wazo la gemu ya simu: mchezaji anamwongoza panya buku anayenusa mabomu ya ardhini. Wazo lenyewe ni la hapa hapa. Panya hao hufunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), chini ya Milima ya Uluguru, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Vijana hao wanajua kuandika programu, na mmoja anachora vizuri. Injini ya kutengenezea gemu, kama Godot, hupakuliwa bure. Wanachokosa ni miezi kadhaa ya kula, kulipa kodi ya chumba na kununua bando, huku wakijenga kitu ambacho bado hakina mteja.

Ruzuku ya serikali ya hatua ya mwanzo imekusudiwa miezi hiyo. Hailipii gemu nzima. Hulipia toleo la mfano, pengine dakika kumi tu za kuchezwa, ili ijulikane kama gemu inanoga. Jambo hilo halionekani kwenye karatasi. Andiko la mradi linaweza kulivutia jopo zima, kisha mtoto wa Kihonda akapewa simu, akacheza dakika tatu na kuirudisha. Hilo nalo ni jibu, na serikali imelipata kwa fedha kidogo.

Kwa sasa mlango wa fedha ulio karibu zaidi na kijana wa kwetu ni mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, na nauheshimu. Lakini mkopo hurejeshwa, na marejesho hudai biashara inayoingiza fedha mapema. Bodaboda huanza kuingiza siku ile ile inapotoka dukani. Gemu huweza kutengenezwa mwaka mzima bila kuingiza hata shilingi, na nyingi hazirudishi gharama zake. Kumkopesha anayeanza ni kumbebesha deni la jaribio.

Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, iko karibu zaidi na tunachokihitaji, pamoja na mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019. Hofu yangu ni kwamba kwenye milango ya namna hii gemu hulazimika kujieleza kama somo: inafundisha hesabu, inahimiza usafi. Gemu ya kuburudisha tu nayo ni kazi ya sanaa na ni ajira, sawa na filamu au muziki, na inastahili kupimwa kwa uzuri wake.

Mfano upo nje: Uingereza ilianzisha mfuko wa ruzuku za gemu, UK Games Fund, mwaka 2015 na kuiweka Dundee, mji wa Scotland uliowahi kuishi kwa viwanda vya juti. Grand Theft Auto ilitengenezwa huko na kutoka mwaka 1997, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Abertay kikaanza kufundisha shahada ya gemu. Ruzuku za mwanzo hazikuzidi pauni 25,000 kwa kampuni.

Morogoro nayo ilikuwa mji wa viwanda: turubai, ngozi, viatu. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia miaka ya 1970, kikitarajiwa kuuza Ulaya. Hakikuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na uzalishaji ukakoma mwaka 1990. Mamilioni ya dola yalitangulia, na swali la kama viatu vile vingetengenezeka na kuuzika likaja baadaye.

Ndiyo maana ruzuku ya gemu itolewe kwa awamu: kiasi fulani mkataba ukisainiwa, kingine toleo la mfano likianza kuchezeka, cha mwisho wachezaji wakishalijaribu. Kwenye jopo wawepo watu waliowahi kutengeneza gemu. Bajeti iwe na simu za bei nafuu za kujaribia, kwa sababu ndizo wachezaji wengi wanazomiliki, na gemu ichezeke bila intaneti, maana huko Mgeta na Matombo milima hukata mtandao. SUA na Chuo Kikuu cha Mzumbe vinaweza kutoa vyumba na umeme.

Vijana wetu wanne, kabla ya kuandika barua yoyote ya maombi, waandikiane nani anamiliki michoro, programu na jina la panya, kisha wasajili kampuni kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. Mfadhili huuliza hayo mapema, na makundi mengi huvunjika hapo.