Robo Saa ya Mbio Shuleni

Mwezi wa Februari 2012, katika shule ya msingi ya St Ninian's, mjini Stirling katika nchi ya Uskoti, mwalimu mkuu Bibi Elaine Wyllie alilitoa darasa moja nje akawaamuru watoto wauzunguke uwanja mbio. Na kabla ya mzunguko mmoja kutimia, wengi wao walikuwa hoi, wakitweta, si kwa maradhi wala kwa njaa, bali kwa kukosa mazoea.

Bibi huyo hakuagiza ala za gharama. Alipitisha kanuni nyepesi: kila siku, kwa muda wa dakika 15, watoto wote watoke wakimbie, na atakayechoka atembee hadi pumzi imrudie. Hawabadili nguo, hawashindani, wala hapana mwenye kutunzwa wala mwenye kuaibishwa. Mwalimu huchagua saa imfaayo, na muda ukiisha watoto hurudi kwenye vitabu vyao. Haukupita muda mrefu ila watoto wale wakaweza kwenda maili nzima katika robo saa hiyo, ndipo mpango ukaitwa Maili ya Kila Siku.

Siha inayoletwa na mbio za namna hii haipimwi kwa unene wa mikono, bali kwa uwezo wa moyo na mapafu kuifikisha oksijeni kwenye misuli ifanyayo kazi. Moyo nao ni msuli: ukizoezwa kwenda kasi, hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kipimo kilicho mashuhuri ni kile alichokibuni Luc Léger wa Montreal, nchini Kanada: huchorwa mistari miwili, baina yake mita 20, na mtoto hukimbia kwenda na kurudi akifuata mlio ambao kila dakika huzidi kuharakisha, hata ashindwe kuuwahi, akatoka. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Stirling na Edinburgh walikitumia kipimo hicho kulinganisha shule iliyoshika mpango na nyingine isiyoushika, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba watoto wa shule ya kwanza waliendelea kuliko wenzao kwa kiasi cha mita 40.

Ziada hiyo si kubwa, wala si haki kuifanya robo saa kuwa dawa ya kila dhara, maana Shirika la Afya Duniani linanasihi mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za harakati kila siku. Lakini fadhila yake ni kwamba haimsazi mtu. Kwani mashindano ya shule aghalabu humnufaisha yule aliyejaliwa mbio tangu utotoni, na mzito wa mwili, ambaye ndiye mwenye haja zaidi, huachwa kando awe mpiga makofi.

Basi enyi walimu wakuu, uwanja mnao na watoto mnao. Tengeni robo saa asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mwalimu wa darasa atoke pamoja nao.